MAJUTO NI MJUKUU: KING MAJUTO NA DENI LA UTANI

Utangulizi

Katika madarasa yetu ya fasihi, sanaa za maonyesho zikitajwa tunakimbilia Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia za Penina Muhando, au tafsiri za Shakespeare alizozifanya Mwalimu Nyerere. Ukitaja kichekesho, wenzako watacheka kwanza, kisha wataguna. Eti hiyo nayo ni fasihi? Kinaandikwa wapi? Kina dhamira gani?

Makala haya yanakusudia kubishana na guno hilo. Tunamchukua msanii mmoja, Amri Athumani, ambaye Watanzania walimjua kwa jina la King Majuto, na tunamtazama kutokea hapa Tabora, mji ambao hakuzaliwa wala hakufia. Msomaji anaweza kuuliza: mtu wa Tanga anahusiana nini na Tabora? Jibu letu ni utani. Tunadai kuwa sanaa ya Majuto haipimiki vizuri kwa vipimo vya tamthilia iliyoandikwa, wala kwa vipimo vya filamu za nje. Kipimo chake kipo humu humu nchini, nacho ni utani. Na utani wa makabila, kwa sehemu kubwa, ulikomaa katika njia ya msafara iliyopita Tabora.

Lakini utani si kucheka tu. Utani una haki na una wajibu, na hapo ndipo penye mgogoro wa makala haya. Tutaonyesha kuwa Majuto alitimiza sehemu yake kama mtani, pamoja na kasoro zake, na kwamba anayedaiwa ni sisi hadhira.

Usuli: Njia ya Msafara

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, bidhaa zote zilipita mabegani mwa watu. Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo. Walianza kwenda pwani kwa misafara yao wenyewe mapema katika karne ya 19, kabla wafanyabiashara wa Kiarabu hawajaweka makazi Unyanyembe. Kutoka Bagamoyo mpaka Tabora ilikuwa kiasi cha miezi mitatu kwa miguu: Uzaramo na Ukwere, milima ya Usagara, Mpwapwa, Ugogo, kisha pori la Mgunda Mkali, ndipo ufike Unyanyembe. Wanaoendelea walishika njia ya Ujiji.

Msafara ulikuwa na wakubwa wake. Alikuwapo mnyampara, ambaye jina lake tunalo mpaka leo katika neno nyapara. Alikuwapo kirangozi, mwongoza njia. Richard Burton, aliyefika Kazeh mwezi Novemba 1857, ameacha maelezo ya kirangozi anayetangulia mbele ya msafara na joho jekundu na mapambo ya ngozi na manyoya kichwani. Sisi wanafunzi wa sanaa za maonyesho tunapaswa kulisoma jambo hili kwa jicho letu. Mtu aliyevaa maleba, mwenye ngoma na pembe nyuma yake, anayeanzisha wimbo na wengine wakaitikia, huyo ni fanani. Na wale wanaotoka vijijini kuja kutazama msafara ukipita, hao ni hadhira. Tunaambiwa kila siku kuwa jukwaa lililetwa na Mzungu. Jukwaa la mbao, sawa. Lakini onyesho lilikuwapo, nalo lilitembea.

Sasa, watu mia kadhaa wenye mizigo ya thamani wanapitaje katika nchi za watu wengine bila kuchinjana? Kulikuwa na hongo, yaani ushuru wa kupita, neno ambalo leo limegeuka kuwa rushwa. Na kulikuwa na utani. Wanyamwezi wana utani na Wazaramo, na Wagogo, na Wazigua, na Waluguru. Ukifuata orodha hiyo ni kama unafuata ramani ya njia. Mtani ana ruhusa ya kukutukana usikasirike. Anaweza kukamata kuku wako na wewe ukabaki kulalamika kwa maneno tu. Lakini mtani huyo huyo ukifika kwake na njaa atakupa chakula, ukiugua safarini atakutazama, na ukifa mbali na kwenu atakuzika.

Hapo kwenye mazishi ndipo utani unapokuwa maonyesho kamili. Katika makabila mengi ya nchi hii mtani huja msibani akafanya yale ambayo ndugu hawawezi kuyafanya. Anachimba kaburi. Anadai malipo kwa kelele. Anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anaiga sauti yake alivyokuwa akigombana na mkewe, mpaka wafiwa wanacheka na huku machozi yanawatoka. Huo ni uigizaji wa mhusika, na unafanywa na mtu mwenye kazi rasmi ya kuchekesha. Kwa hiyo mtu akisema kichekesho hakina asili katika jadi yetu, huyo hajawahi kukaa matanga.

Kichekesho cha Jukwaani: Mpagazi Anageuzwa Mshamba

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, wamekwisha kueleza kuwa vichekesho kama tunavyovijua jukwaani vilikua wakati wa ukoloni, mashuleni na mijini. Maudhui yake yalikuwa nini? Mara nyingi yalikuwa ni kumcheka mtu asiyejua ustaarabu mpya: mpishi asiyeelewa amri ya bwana wake, mtu wa porini anayeliona gari kwa mara ya kwanza, mzee anayesema Kiswahili kibovu.

Tutazame mabadiliko hayo kwa makini. Katika njia ya msafara, Mnyamwezi alimtania Mzaramo, na Mzaramo akamrudishia. Kicheko kilikwenda na kurudi. Katika kichekesho cha kikoloni, kicheko kinakwenda tu, hakirudi. Yule mpagazi aliyefungua nchi kwa miguu yake sasa anapandishwa jukwaani kama mjinga wa bara asiyejua kula kwa uma. Anayecheka amekaa kwenye kiti. Anayechekwa hayumo ukumbini. Huo si utani tena. Ni dharau iliyovaa nguo za utani.

Ugonjwa huo haujatutoka. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 vikundi vingi vya sanaa vilianzishwa katika majeshi na mashirika ya umma, na vichekesho vikapewa kazi ya kufundisha siasa. Redio Tanzania ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi, wahusika wawili waliojulikana nchi nzima. Mwaka 1980 likaundwa kundi la Muungano, na mwaka 1992 TOT, na mashindano yao yakajaza kumbi za Dar es Salaam. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, vichekesho vikaingia sebuleni. Katika safari yote hiyo yule mhusika mshamba aliendelea kupewa mkoa, na mara nyingi mkoa wenyewe ni wa huku kwetu. Msanii wa mjini akitaka kicheko cha haraka anageuza “r” kuwa “l”, anavuta maneno, basi watu hoi! Sisi wa Tabora tunacheka pia, kwa sababu tumezoea. Lakini wapi tumepewa zamu ya kujibu?

Safari ya Majuto

Amri Athumani alizaliwa Tanga mwaka 1948. Wasifu wake unaotajwa mara nyingi unasema alianza kupanda jukwaani mwaka 1958, yaani akiwa mtoto wa miaka kumi hivi. Tanga ya wakati huo haikuwa mji wa Waswahili wa pwani peke yao. Ilikuwa mji wa mkonge. Mashamba yalikuwa yanameza watu kutoka kila upande wa nchi, na bara ya magharibi ilitoa manamba wengi, Wanyamwezi na Waha wakiwamo. Reli na malori viliwabeba watu ambao babu zao walikwenda pwani kwa miguu. Kwa maneno mengine, njia ya msafara haikufa. Ilibadilisha mzigo na mwisho wake. Kambi za manamba zilikusanya makabila mengi mahali pamoja, na makabila mengi mahali pamoja, kwa desturi ya nchi hii, ni utani kutwa.

Hatudai kuwa mtoto Amri alijifunza uchekeshaji kambini. Tunachosema ni kuwa mji uliomlea ulikuwa na hadhira iliyojua utani ni nini, na msanii hulelewa na hadhira yake kama anavyolelewa na wazazi wake.

Kwa miongo mingi alikuwa mtu wa jukwaani. Umaarufu wa nchi nzima ulimkuta uzeeni, televisheni na filamu za video ziliposambaa katika miaka ya 2000. Watoto waliozaliwa wakati huo walimjua akiwa tayari mzee, wakadhani alizaliwa mzee. Huku Tabora alifika kwa njia mbili. Ya kwanza ni mabanda ya video ya mitaani. Ya pili ni basi. Ukisafiri kwenda Dar es Salaam kwa basi katika miaka hiyo, ukipita Manyoni, Dodoma na Morogoro, kuna uwezekano mkubwa kondakta angeweka Majuto. Fikiri hali hiyo, ndugu msomaji: Mnyamwezi, Mgogo, Msukuma, Mluguru, wote wamefungiwa ndani ya chombo kimoja siku nzima, wanaifuata ile ile njia ya wapagazi, na aliye mbele yao akiwaongoza kwa kicheko ni mzee mfupi mwenye kofia. Kirangozi alikuwa amerudi.

Fani: Mwili wa Baba, Ruhusa ya Babu

Hapa tuingie katika uhakiki wenyewe. Majuto alichekesha kwa nini? Hakuwa na maneno ya ajabu. Filamu zake nyingi zilitengenezwa haraka, kwa kisa kilichoelezwa tu na waigizaji wakajazia maneno yao. Ukimwandika kwenye karatasi anakauka. Kwa hiyo tusitafute siri katika mstari.

Siri iko katika mhusika aliyemjenga. Katika jamii zetu kuna utani mwingine usio wa makabila, nao ni utani wa babu na mjukuu. Babu anaweza kumwita mjukuu wake “mke wangu”. Mjukuu anaweza kumwambia babu yake kuwa ni mzee kikongwe, atafute kaburi. Hakuna anayekasirika. Baba na mtoto hawana ruhusa hiyo. Baba anaamkiwa shikamoo, baba anaogopwa, baba hatajwi kitandani.

Majuto alichukua mwili wa baba akautia ruhusa ya babu. Anaingia na mavazi ya heshima, na umri wa heshima, na cheo cha baba mwenye nyumba au baba mkwe. Kila kitu katika umbo lake kinadai shikamoo. Halafu anafungua mdomo, na yanayotoka ni ya mtu asiye na deni la heshima kwa yeyote: ubahili wa wazi, uchu wa wazi, woga wa wazi. Anamfokea mtoto kama baba, na dakika ile ile anakimbia kama mtoto. Macho yanamtoka, sauti inapanda mpaka inakatika, nyusi zinafanya kazi ambayo mwenzake angehitaji ukurasa mzima wa maneno. Tunacheka kwa sababu tunaona baba, mtu tusiyeruhusiwa kumcheka, ametupa ruhusa yeye mwenyewe.

Ndiyo maana aliwiana vizuri na vijana. Akiwekwa mbele ya mhusika wa kisharobaro, kama alivyokuwa marehemu Sharo Milionea aliyefariki kwa ajali mwaka 2012, unapata babu na mjukuu kamili: mmoja kanzu, mmoja suruali ya kubana, mmoja Kiswahili cha Tanga, mmoja lugha ya mjini. Kila mmoja anamwona mwenzake kituko, na kila mmoja ana haki ya kusema hivyo. Kicheko kinakwenda na kurudi.

Na hapa ndipo tunapomtenga Majuto na kichekesho cha kikoloni. Yeye hakuhitaji kumwiga mtu wa bara ili achekwe. Alijiiga mwenyewe. Alichukua lafudhi ya kwao, umbo lake, umri wake, akavitoa sadaka. Mzee wa pwani ambaye kwa karne nzima alijiona ndiye mwenye ustaarabu, leo ndiye anayechekwa na abiria wa Manyoni. Kama kuna zamu ya kujibu tuliyoinyimwa sisi wa bara, Majuto alitupa kwa hiari yake. Huo, kwa maoni yetu, ndio msimamo wake, ingawa hakuwahi kuuandika mahali popote.

Mfano wa Jirani

Ili hoja isionekane ya mapenzi tu, tumlinganishe na msanii wa nchi jirani. Kenya walikuwa na Benson Wanjau, Mzee Ojwang, aliyefariki tarehe 12 Julai 2015 akiwa na umri wa miaka 78. Yeye ni mtu wa jukwaani aliyekuwa nguzo ya kipindi cha Vitimbi katika televisheni ya taifa tangu miaka ya 1980, akicheza mume wa Mama Kayai, mhusika wa Mary Khavere. Jambo la ajabu ni hili: Wanjau alikuwa Mkikuyu, na Ojwang ni Mjaluo. Kwa miaka mingi alisema Kiswahili chenye lafudhi ya kabila la wengine, katika nchi ambayo siasa ya makabila hayo mawili si ya mchezo.

Kwa kipimo tulichokiweka, hapo ilipaswa kuwa dharau. Mbona haikuwa? Kwa sababu kipindi cha kila wiki kina nguvu ambayo kichekesho cha dakika kumi hakina. Mtu akija kwako wiki baada ya wiki, miaka nenda miaka rudi, haiwezekani abaki lafudhi tu. Ojwang alikuwa na mke wa kumjibu, na Mama Kayai hakuwa mtu wa kunyamazishwa. Alikuwa na mipango inayovunjika, aibu, ujanja na huruma. Alikosea, akarudi nyumbani, tukamsubiri tena. Mshamba wa jukwaani hana nyumba; Ojwang alikuwa nayo. Kwa hiyo tunaweza kusema kuwa lafudhi ya mwingine si kosa kwa yenyewe. Kosa ni kumpa mtu lafudhi halafu ukamnyima maisha.

Wasanii wetu wa vichekesho vya televisheni wangejifunza hapo. Tunao wengi wenye kipaji cha kuiga sauti za watu wa mikoa. Wachache wanawapa wahusika hao nyumba, mke wa kujibu, na kesho.

Kufaulu na Kutofaulu

Majuto amefaulu katika kumfanya mzee kuwa kioo cha tamaa zetu bila kumtangazia mtu mahubiri. Amefaulu katika kuunganisha hadhira ambayo wasomi hawajaiweza: mtoto na bibi yake, wa mjini na wa kijijini, mwenye kusoma na asiyejua kusoma. Amefaulu zaidi katika lugha. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mazungumzo, chenye mikato na vionjo vya Tanga, na bado Mnyamwezi wa Urambo alikielewa bila kuhitaji mkalimani. Kama tunazungumzia Kiswahili kuunganisha taifa, tusiishie kwenye ngonjera.

Lakini mhakiki si mpiga debe. Kuna mahali Majuto hakufaulu. La kwanza ni wanawake. Ule utani wa babu wa “mke wangu” una mpaka wake: kila mtu anajua ni maneno. Katika filamu zake kadhaa mpaka huo umevukwa. Mzee anamtamani msichana kweli, kamera inamtamani pamoja naye, na msichana mwenyewe hana jibu ila kukimbia au kuchukua hela. Hapo kicheko hakirudi tena. Yule yule aliyekataa kumfanya mtu wa bara mjinga, amekubali kumfanya msichana chombo. Jamii ambayo wasichana wanasumbuliwa na wazee wa kweli haiwezi kuchukulia hilo kama mzaha mtupu. Mzaha mzaha, wahenga walisema, hutumbua usaha.

La pili ni wingi na kujirudia. Filamu zilikuwa nyingi, mzee yule yule, ubahili ule ule, mkimbio ule ule. Wengine watasema ndiyo kawaida ya kichekesho. Sawa, lakini Ojwang naye alikuwa yule yule, na bado kipindi kilimzungushia mambo mapya. Majuto mara nyingi alizungushiwa utupu: kisa dhaifu, mwisho uliokatwa ili itoke sehemu ya pili, sauti isiyosikika. Alikuwa anabeba filamu nzima kichwani kama mpagazi. Na hapa lawama yetu inaanza kuhama kutoka kwa msanii kwenda kwa waliompa mzigo.

Deni

Tuseme wazi jinsi biashara ilivyokuwa. Msanii wa filamu za video, kwa kawaida, alilipwa mara moja. Kazi ikauzwa pamoja na haki zake, na baada ya hapo ikichezwa kwenye mabasi elfu, kwenye mabanda na kwenye simu, yeye hapati kitu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwapo tangu mwaka 1999, lakini sheria haipandi basi. Watu walimcheka Majuto kutoka Kigoma mpaka Tanga bila hata senti moja ya kicheko hicho kumfikia. Mpagazi wa karne ya 19 aliondoka na posho yake na vitambaa vyake safari ikiisha. Huyu wa kwetu safari yake haikuisha. Mzigo unabebwa mpaka leo, naye hayupo.

Mwaka 2018 aliugua. Alipelekwa India kwa matibabu, akarudi, na tarehe 8 Agosti 2018 akafariki katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Akazikwa kwao Tanga. Katika ugonjwa wake ndipo suala la mikataba ya wasanii lilipopigiwa kelele mpaka wizarani, na ndipo wengi wetu tuliposikia kwa mara ya kwanza kuwa mtu tuliyemwita mfalme alikuwa na malalamiko ya malipo. Miaka sitini jukwaani, na swali la nani anamlipa linaulizwa kitandani!

Nchi ililia, hilo hatukatai. Watu walitoa rambirambi na picha zikajaa kwenye simu. Lakini turudi kwenye kipimo chetu. Utani unasema nini? Unasema mtani akikubali kuchekwa, anapata haki ya kutazamwa siku ya dhiki. Aliyekula kuku wako ndiye atakayechimba kaburi lako. Sisi tulikula kuku. Tulimcheka mzee mwenye njaa ya filamuni, na njaa ya kweli hatukuiulizia. Tulijichukulia haki za watani, wajibu wao tukamwachia serikali na ndugu zake.

Kuna watakaosema: hadhira si mtani, hadhira ni mteja, alinunua kanda, yamekwisha. Hoja hiyo ina nguvu, ila haiendani na mwenendo wetu. Mteja hamwiti muuzaji “babu yetu”. Mteja haigi sauti ya muuzaji harusini. Sisi tuliiga sauti yake, mwendo wake, macho yake, kama mtani anavyomwiga marehemu matangani, na tulifanya hivyo angali hai. Tulijiweka wenyewe katika undugu huo. Hatuwezi kuukana siku ya malipo.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa kichekesho chetu kina ukoo, na ukoo wake si Chaplin peke yake. Umetoka mbali, umepita Ugogo, umelala Unyanyembe. Ndani ya ukoo huo King Majuto ni msanii mkubwa, kwa sababu alirudisha kicheko cha kwenda na kurudi wakati ambapo wengi walikuwa wanacheka wasiojiweza. Alikosea kwa wasichana, na hilo liandikwe karibu na sifa zake, si chini yake.

Nini kifanyike? Kwanza, idara zetu za fasihi na sanaa za maonyesho zikubali kumfundisha. Kazi zake zikusanywe, zitazamwe, zihakikiwe kama tunavyohakiki tamthilia, kwa fani na maudhui yake, na kwa ukali ule ule. Pili, kila mkataba wa mchekeshaji uandikwe kwa lugha anayochekeshea, na ulipe kila kazi inapochezwa. Tatu, na hili ni letu sisi wa Tabora: tuchukue zamu yetu. Mji ulioanzisha utani wa masafa marefu haupaswi kungoja kuigwa na watu wa Dar es Salaam. Chuo cha sanaa kipo Bagamoyo, mwisho kabisa wa njia waliyoifungua babu zetu. Tutume vijana, na safari hii wasiende kubeba mzigo wa mtu. Waende wakamtanie Mzaramo nyumbani kwake, naye arudishe.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Msanii alilibeba jina hilo maisha yake yote na sisi tukacheka kila tulipolisikia. Mjukuu amekwisha kuja. Yuko mlangoni, anadai.